Hesabu ya Siku Zetu

Someni: Hesabu 33:1-49, Kumbukumbu la Torati 8:2-18, Zaburi ya 90.



Katika nchi yetu ya Mbugani, tangu Songwe mpaka Matema, iko desturi njema. Mkristo akifa, hazikwi kimya. Kabla ya kaburi kufukiwa, mtu wa nyumba yake husimama mbele ya watu na kusoma habari za maisha yake: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, nani alimfunza Katekisimo, alifunga ndoa mwaka gani, Mungu alimpa watoto wangapi. Sisi tulio wachungaji tumesimama penye makaburi mengi, na mara nyingi tumesikia maneno haya: "Mwaka haujulikani." "Inasemekana." "Ilikuwa yapata wakati wa mafuriko yale makubwa." Watoto wanamzika mama aliyewalea miaka hamsini, nao hawajui ni Jumapili gani alipopokea ubatizo, wala Bwana alimtoa katika shida gani, wala ni sala gani alizokuwa akiziomba usiku kwa ajili yao. Mwili umewekwa kaburini leo. Walakini habari za wema wa Mungu kwa mtu yule zilikwisha kuzikwa zamani, maana hakuna aliyeziandika.

Basi mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya kazi ndogo ya mkono, ambayo kila mtu ajuaye kusoma na kuandika aweza kuifanya: kuwa na daftari, na kuandika ndani yake habari za siku zake, mwaka baada ya mwaka. Wenye elimu huliita daftari la namna hii shajara. Hatuneni juu ya kitabu cha usharika. Hicho huandikwa na mchungaji, na ndani yake yamo majina ya waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa na waliozikwa. Ni kitabu cha lazima, lakini humtaja mtu mara nne tu. Kati ya siku hizo nne zimo siku nyingine nyingi. Mtu aliyeishi miaka 70 amepewa siku zaidi ya 25,000. Je, zote zimekwenda wapi? Na yule aliyempa, amemrudishia shukrani ngapi?

Labda mtu atasema, "Hilo ni jambo la wasomi; Biblia haituagizi." Ndugu, fungua Hesabu sura ya 33. Hapo twaona ya kuwa Musa aliandika safari za Israeli, kituo kwa kituo, naye hakufanya hivyo kwa kupenda kwake, bali kwa amri ya Bwana. Watu wengi huiruka sura ile, kwa sababu ni orodha ya majina tu: waliondoka huku, wakapanga kule. Lakini itazameni vizuri. Penye Elimu zimehesabiwa chemchemi na mitende. Penye Refidimu imeandikwa kwamba watu hawakuwa na maji ya kunywa. Penye mlima wa Hori umeandikwa mwaka, na mwezi, na siku aliyokufa Haruni, ndugu yake mwandishi. Musa hakujisifu hapo, wala hakupamba maneno. Aliweka tu siku na mahali, chemchemi na kiu, uzima na kifo, vyote katika orodha moja, ili watoto watakaozaliwa ng'ambo ya Yordani wajue ya kwamba hapakuwa na kituo hata kimoja ambacho Mungu hakuwapo.

Kwa nini Bwana aliamuru hivyo? Sababu yake twaiona katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8. Huko watu waagizwa kuikumbuka njia yote waliyoongozwa miaka arobaini, na waonywa juu ya hatari moja. Hatari yenyewe haiko jangwani. Iko baadaye, mtu akiisha kula na kushiba, nyumba zikiisha kujengwa, ng'ombe wakiisha kuongezeka. Wakati huo moyo huinuka na kusema ya kuwa nguvu zake wenyewe ndizo zilizompatia mali. Mwenye njaa hana haja ya kukumbushwa kuomba. Aliyeshiba ndiye asahauye.

Ninyi mkaao karibu na Songwe mwajua tabia ya mto ule. Hushuka toka milimani na tope nyingi, na ukifika katika tambarare yetu wakati wa mvua kubwa huvunja kingo zake, na maji yakiisha kupungua watu huamka na kuona mkondo umehama. Mto huo ni mpaka wa Tanzania na Malawi, na kwa sababu ya kuhamahama kwake serikali hizi mbili zimelazimika kufanya shauri la pamoja juu ya kuutuliza. Kumbukumbu ya moyo wa mwanadamu ni kama Songwe. Kila mwaka huhama kidogo, wala mwenyewe hatambui. Tukisimulia ugomvi wa zamani, kila mara sisi twazidi kuwa wapole, na mwenzetu azidi kuwa mkali. Tukisimulia shida tuliyookolewa, mwaka wa kwanza twasema, "Mungu alituokoa." Mwaka wa tano twasema, "Mungu alituokoa, nasi tulitumia akili." Mwaka wa kumi twaitaja akili peke yake. Hatukukusudia kusema uongo. Mkondo umehama tu. Bali neno lililoandikwa siku ile ile, kwa mkono uliokuwa bado ukitetemeka, ni kama nguzo iliyosimikwa penye ukingo wa kwanza. Mto uhame utakavyo, nguzo yatuonyesha ulikopita.

Neno hili twaweza kulithibitisha kwa habari za watu. Mwaka 1846 Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika Württemberg, nchi ya Ujerumani, alifika Mombasa kumsaidia Ludwig Krapf katika kazi ya Injili. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda nchi ya Wachaga, aliona juu ya mlima kitu cheupe kama wingu. Kiongozi wake hakuwa na jina jingine la kitu kile ila baridi. Rebmann akafahamu kwamba ni theluji. Akaliandika jambo hilo katika habari zake chini ya tarehe ile. Zilipochapwa Uingereza mwaka 1849, wako wataalamu waliozikataa, na William Desborough Cooley alizipinga kwa nguvu, akisema haiwezekani kuwa na theluji karibu na ikweta. Rebmann hakuwa na kitu cha kuwaonyesha ila maandiko yake. Hakuyabadili ili apate kusifiwa. Hata mwaka 1861 na 1862 Karl Klaus von der Decken aliupanda mlima ule mpaka mahali pa juu, na neno la mwandishi likaonekana kuwa kweli.

Walakini liko jambo jingine katika habari za Rebmann lituhusulo sisi watu wa ziwa zaidi ya theluji ya Kilimanjaro. Huko pwani alikutana na mtu aitwaye Salimini, aliyekuwa amechukuliwa mtumwa toka pande za Ziwa Nyasa. Rebmann akaketi naye, akayaandika maneno ya lugha yake, neno kwa neno. Rebmann alipofuka macho, akarudi kwao mwaka 1875 baada ya miaka karibu 30 katika Afrika, akafa mwaka 1876. Na mwaka 1877 kamusi ile ya Kinyasa ikachapwa. Fikirini sasa. Wangapi walitolewa katika nchi zinazolizunguka ziwa letu, wakafungwa, wakapelekwa Kilwa na Unguja? Walikuwa na mama zao, na majina yao, na nyimbo zao. Mungu anawajua wote, bali sisi hatuwajui. Salimini twamjua, na maneno ya kinywa chake tunayo, kwa sababu mtu mmoja alichukua kalamu.

Pengine mtu atasema, "Mimi sina daftari zuri, wala nafasi." Huyu na amtazame David Livingstone, ambaye alilifikia Ziwa Nyasa mwezi wa Septemba 1859. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, penye mto Lualaba, katika nchi iitwayo leo Kongo. Karatasi zake zilikuwa zimekwisha, na wino pia. Akachukua gazeti la zamani, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa maji ya matunda. Juu ya karatasi hizo aliandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa wafanya biashara ya watumwa waliwapiga risasi watu waliokuwa sokoni, wanawake kwa wingi, na wengi wakafa maji. Habari hizo zilipofika Ulaya zilitia nguvu shauri la kuikomesha biashara ile, na soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873. Wino ule ulififia hata karatasi nyingine hazikusomeka tena, mpaka wataalamu wa siku zetu walipozimulika kwa mianga ya namna mbalimbali, na mwaka 2011 maandishi yakatolewa yasomwe na watu wote. Alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, mmoja wa waliokuwa naye, Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nassik huko Bara Hindi, aliandika orodha ya vitu vyake, na tena akaandika daftari lake mwenyewe juu ya safari ile ndefu ya kuuchukua mwili mpaka Bagamoyo. Mwandishi mmoja alipolala, mwingine aliishika kalamu.

Tena mtu asidhani ya kuwa daftari ni desturi ya Wazungu tu. Apolo Kivebulaya wa Uganda alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata alikwenda Mboga, mpakani mwa msitu mkubwa wa Kongo, kuhubiri Injili. Huko alipigwa, akafungwa, akarudi tena kwa watu wale wale, na katika miaka yake ya mwisho aliwahubiri Wambuti wakaao ndani ya msitu. Alikufa tarehe 30 Mei 1933. Mtu huyu hakuwa na mke wala mtoto wala mali. Lakini aliacha madaftari aliyoyaandika kwa mkono wake, nayo yametunzwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa madaftari hayo watu wa nyakati zetu wameweza kuandika habari zake, nao hawakulazimika kukisia. Alikuwa mwinjilisti kama ninyi, mwenye miguu iliyochoka jioni kama yenu, naye aliandika.

Na sisi je? Mwaka 1891 wajumbe wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na wale wa Moravian wakiongozwa na Theodor Meyer, walifika katika nchi hii kwa njia ya ziwa. Jirani zetu Wamoravian tangu zamani za Herrnhut wana desturi ya kuandika kitabu cha kila siku katika kila kituo cha misioni, na ya kila mkristo kuacha habari za maisha yake zisomwe siku ya kuzikwa. Kwa hiyo mambo ya miaka ile ya mwanzo yajulikana. Kisha vita vikaja. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka mpaka toka Nyasaland, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Wale wa Berlin hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo nani aliyeshika kitabu cha mahubiri Manow na Mwakaleli? Nani aliyewafundisha watoto Amri Kumi? Nani aliyewazika watu wakati wa njaa na maradhi yaliyofuata vita? Walikuwa walimu na wazee wetu, watu weusi, bila mshahara, na wengi wao bila mchungaji wa kuwashauri. Mungu alilishika kanisa lake kwa mikono yao. Lakini ukitafuta maneno yao wenyewe, waliyoyaandika jioni ya siku ile ile, utapata machache sana. Kalamu walikuwa nayo. Hawakudhani kwamba siku zao zina thamani ya kuandikwa.

Tena tangu mwaka 1935 mpaka 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika nchi ya Wanyakyusa, wakiuliza na kuandika, wakisaidiwa na karani wao Leonard Mwaisumo. Godfrey alikufa mwaka 1944. Mkewe akayafungua madaftari yale, akatoa vitabu tangu mwaka 1951 mpaka mwaka 1977. Leo mwana wa Kyela akitaka kujua babu zake walivyozikana na walivyopatana, hukiazima kitabu cha Kiingereza. Twamshukuru Mungu kwa kazi ya wageni wale. Lakini yafaa tujiulize: mjukuu wetu akitaka kujua tulivyomwamini Mungu, atakiazima kitabu cha nani?

Sasa twataka kuwaambia habari moja ya nchi hii hii, pasipo majina, kwa ruhusa ya nyumba zote mbili zihusikazo. Alikuwako mzee wa kanisa, mkulima wa mpunga, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliandika kila jioni mistari miwili au mitatu katika daftari la shule. Alipokufa aliacha madaftari kumi na moja katika sanduku la bati. Wakati ule nyumba yake ilikuwa na ugomvi na nyumba ya jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na watoto wa nyumba hizo hawakusalimiana. Jirani yule hakuja hata msibani.

Matanga yalipokwisha, mjane alimwita mwanawe wa kwanza amsomee madaftari, maana macho yake yamefifia. Wakakuta ya kwamba mwaka mmoja, mafuriko yalipochukua mpunga, mzee alikopa magunia manne kwa jirani yule. Mawili alikuwa amerudisha; mawili hayakuwa na alama ya kulipwa. Tena wakakuta ya kuwa tangu ugomvi ulipoanza, kila Jumamosi mzee ameandika jina la jirani yule, na mbele ya jina neno moja tu: nimeomba.

Wana wakasema, "Mama, deni hili hata jirani mwenyewe amelisahau. Hakuna shahidi. Tena tukilipa, atadhani tumekubali na mpaka wake."

Mama akajibu, "Wanangu, shahidi yupo. Huu ni mkono wa baba yenu. Mwili wake nimeuzika. Mwataka niuzike na mkono wake?"

Wakachukua magunia mawili, wakaenda. Jirani alipoonyeshwa deni alishangaa. Alipoonyeshwa jina lake, Jumamosi baada ya Jumamosi, aliketi chini, akaomba asomewe tena. Hatusemi kwamba mpaka ulimalizika siku ile. Wazee wa pande mbili waliupima baadaye, na kila nyumba ilipoteza kidogo. Lakini tangu siku ile walisalimiana, na Jumapili moja wakakaribia meza ya Bwana pamoja. Marehemu hakuhubiri mahubiri makubwa alipokuwa hai. Daftari lake lilihubiri alipokuwa amelala.

Hapa mwaona faida ya kweli ya daftari, nayo ni mbili. Linashuhudia kwa ajili ya Mungu, maana linatunza fadhili zake zisisahauliwe. Tena linatushuhudia sisi wenyewe, maana linatunza madeni yetu na ahadi zetu zisikanushwe. Daftari lisiloshuhudia ila kwa ajili ya mwandishi si la Kikristo. Hilo ni sala ya Farisayo iliyotiwa wino.

Ndipo twafika kwenye shaka ya wengine wasemao, "Kuandika habari zangu ni kiburi." Twajibu: kiburi hakimo katika kalamu, kimo moyoni, nacho huweza kukaa na mtu asiyeandika kabisa. Katika Katekisimo Ndogo Dr. Martin Luther atufundisha ya kuwa ubatizo wetu si jambo la siku moja. Mtu wa kale ndani yetu apaswa kuzamishwa kila siku kwa toba. Basi, mtu atatubuje kila siku kama hajui siku yake ilikwendaje? Tena Luther mwenyewe, ambaye aliandika vitabu vingi, alipokufa Eisleben tarehe 18 Februari 1546 aliacha kikaratasi alichokiandika siku mbili kabla. Hakikuwa na hesabu ya kazi zake. Alikiri ndani yake jinsi mtu asivyoweza kuyamaliza Maandiko Matakatifu, na kwamba mbele ya Mungu sisi sote tu maskini wenye kunyosha mkono. Maandiko ya namna hii hayamwinui mtu.

Mwingine asema, "Mungu ana kitabu chake cha ukumbusho, kama nabii Malaki asemavyo, mimi niandike cha nini?" Ni kweli, Mungu hana haja ya daftari letu. Wala hana haja ya sala zetu ili ajue mahitaji yetu. Walakini ametuamuru tuombe, kwa faida yetu. Ndivyo ilivyo na kukumbuka. Yeye hasahau, sisi ndio tusahauo.

Na mwingine asema, "Siku zangu zote ni sawa: jembe, mpunga, kakao, kanisa, kulala." Rudi tena katika orodha ya Musa. Hapo hapana vita vikubwa katika kila kituo. Pana kuondoka na kupanga. Siku moja ikiandikwa peke yake ni kitu kidogo. Zikiandikwa siku elfu, ndipo njia yaonekana, na aliyeongoza aonekana.

Sasa tuseme namna ya kufanya, hasa kwa ajili ya walimu na wainjilisti.

Kwanza, andika tarehe na mahali. Neno lisilo na tarehe ni kama mtumbwi usiofungwa. Hujui lilitoka wapi.

Pili, andika jambo lililotokea kweli: mvua, ugonjwa, mgeni, bei ya debe la mpunga, mtoto kusimama dede. Usiandike "Mungu alitutendea mema". Andika ni mema gani, na kwa mkono wa nani.

Tatu, andika madeni na ahadi, za fedha na za maneno, na ukilipa uweke alama.

Nne, andika majina ya unaowaombea, na uache nafasi pembeni. Sala ikijibiwa, hata baada ya miaka, andika siku yake katika nafasi ile. Na isipojibiwa kama ulivyotaka, usiifute. Nafasi tupu nayo ni ushuhuda kwamba uliendelea kungoja.

Tano, usisahihishe ya zamani ili uonekane mwema. Ukigundua ya kuwa ulikosea, andika neno jipya kwa tarehe mpya, na la kwanza uliache.

Sita, lizuie daftari lisiwe chombo cha masengenyo. Dhambi ya mtu mwingine aliyokuungamia, isiandikwe popote, wala kwa mafumbo. Siri ya maungamo si mali yetu. Ugomvi wako na jirani uandike kwa namna ambayo ungeweza kumsomea mwenyewe.

Saba, litunze. Katika nchi yetu adui wa karatasi ni mchwa, unyevu na mafuriko. Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya ardhi, na daftari lililofungwa katika nailoni, hutosha. Wengine siku hizi huandika katika simu. Si vibaya, lakini simu huibiwa na kuharibika, na neno la siri la kuifungua mara nyingi hufa pamoja na mwenyewe. Tena juu ya jalada andika ni nani atakayepewa kulisoma ukiisha kufa. Na kama liko daftari usilotaka lisomwe, waambie mapema walichome moto, nao wakutii.

Nane, lisome. Mara moja kwa mwaka, siku ya ukumbusho wa ubatizo wako au usiku wa mwisho wa mwaka, keti na jamaa yako, mkasome mwaka mzima. Mtacheka mahali pengine, na mahali pengine mtanyamaza. Kisha piga magoti pamoja nao. Hutakosa maneno ya kusali.

Ninyi walimu, mkiwafundisha vijana wa kipaimara, wapeni kazi hii: kila mmoja aende kwa bibi yake au babu yake na daftari, akaulize na kuandika. Alibatizwa na nani? Alikula nini mwaka wa njaa? Alimsamehe nani? Wazee wetu wanaondoka, na kila msiba ni sanduku la habari lichukuliwalo na maji. Msingoje mpaka siku ya kusoma maisha ya marehemu.

Mwisho, wapenzi, tusitie tumaini letu katika madaftari haya. Mtu akiandika kwa uaminifu miaka thelathini, atayaona mengi yampasayo kutoa shukrani, lakini ataona pia madeni asiyoweza kuyalipa: maneno makali, ahadi zilizovunjwa, Jumapili alizopita mbele ya mlango wa mwenye shida. Kama tungehukumiwa kwa vitabu vyetu wenyewe, nani angesimama? Lakini Ufunuo wa Yohana sura ya 20 na ya 21 husema habari za kitabu kingine, Kitabu cha Uzima, kilicho chake Mwana-Kondoo. Hatukuandikwa humo kwa sababu daftari letu ni safi, bali kwa sababu Yeye alizichukua hesabu zetu zote msalabani. Kwa hiyo twaweza kuandika kweli bila hofu. Anayejua ya kuwa deni lake limelipwa hana haja ya kuficha karatasi.

Basi, leo jioni, kazi zikiisha na taa ikiisha kuwashwa, chukua daftari. Andika tarehe. Andika jina la mtu mmoja ambaye Mungu amekutendea mema kwa mkono wake, na jina la mtu mmoja unayempasa kumwendea kesho. Mistari miwili yatosha.

Bwana atufundishe kuzihesabu siku zetu, tupate moyo wenye hekima, kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Amina.